Neno la Siri Nyuma ya Kompyuta

  Leo tuzungumze juu ya watoto, shule, kompyuta na polisi. Ni vitu vinne ambavyo kule Marekani vimekutana zaidi ya mara moja, na vilipokutana, mambo hayakwenda vizuri.

Nianze na mji mdogo uitwao Kutztown, katika jimbo la Pennsylvania. Mwaka wa masomo ulioanza 2004, shule ya sekondari ya mji huo ilifanya jambo ambalo mzazi yeyote angelipigia makofi. Iligawa laptopu kwa wanafunzi wake, wapatao 600, wazitumie darasani na kurudi nazo nyumbani. Laptopu hizo zilikuwa na vizuizi. Mwanafunzi hakuweza kuongeza programu aipendayo, na kurasa nyingine za intaneti zilikuwa zimefungwa. Tena kulikuwa na programu ya kuchungulia: mtumishi wa shule, akiwa ameketi ofisini kwake, aliweza kuona skrini ya mwanafunzi, anachoandika na anachosoma.

Vizuizi hivyo vilifunguliwa kwa neno moja la siri, neno la msimamizi wa mtambo. Sasa msikilizaji, hebu kisia neno hilo lilikuwa limehifadhiwa wapi. Kwenye sefu ya mkuu wa shule? Kichwani mwa fundi wa kompyuta? Wapi! Lilikuwa limebandikwa nyuma ya kompyuta zenyewe, zile zile walizokabidhiwa watoto. Na neno lenyewe lilitungwa kutokana na anwani ya shule.

Unadhani nini kilifuata? Watoto wakajiwekea programu ya kuchati, soga zikaanza. Wakafungua kurasa zilizofungwa. Na baadhi yao wakafanya kioja ambacho, samahani walimu mnaonisikiliza, mimi hunichekesha kila ninapokikumbuka: ile programu ya kuwachungulia wakaigeuza, wakawa wao ndio wanaochungulia skrini za wakubwa.

Nisiwaonee wakuu wa shule ile. Hawakukimbilia polisi siku ya kwanza. Watoto walibakizwa shuleni baada ya masomo, wengine walitengwa na madarasa kwa siku kadhaa, wazazi walijulishwa, na neno la siri likabadilishwa. Wapo watoto waliotafuta programu ya kulivunja hata hilo jipya. Kwa hiyo tusiwachore kama malaika. Walionywa, wakarudia. Shule ikasema adhabu zake hazifui dafu, ikaenda polisi.

Mwaka 2005 watoto 13 wakashtakiwa. Na wakashtakiwa kwa nini? Kwa kosa kubwa la jinai la kuingilia mtambo wa kompyuta. Sikiliza vizuri hapo. Kosa kubwa la jinai. Katika sheria za Pennsylvania, kosa la daraja hilo linaweza kumfunga mtu mzima hadi miaka saba. Watoto wangepelekwa mahakama ya watoto, ni kweli, lakini jina la kosa ni lile lile, na jina hilo lina tabia ya kumfuata mtu. Anajaza fomu ya chuo, lipo. Anaomba kazi, lipo. Anataka kuingia jeshini, lipo linamsubiri mlangoni.

Familia zikaja juu. Ndugu zao wakafungua ukurasa wa kuwatetea, wakauza hadi fulana zenye maneno ya mzaha. Magazeti yakaingia, watu wa mbali wakaanza kuuliza maswali. Kufikia Agosti mwaka huo huo, mamlaka zikalegeza kamba. Watoto wakapewa makubaliano: mashtaka yataondolewa, nao watafanya saa 15 za kazi za jamii, wataandika barua ya kuomba radhi, watahudhuria somo la uwajibikaji, na watakuwa chini ya uangalizi kwa miezi michache.

Saa 15, msikilizaji. Narudia, saa 15 na barua ya kuomba radhi. Hebu niambie, hapo palihitajika polisi? Mwalimu wa nidhamu wa shule yoyote ninayoijua anaweza kumpa mtoto saa 15 za kufyeka nyasi na kumwagilia bustani, na barua akaiandika palepale ofisini huku machozi yakimlenga. Kama kipimo cha haki mwishoni kilikuwa hicho, basi miezi ile ya hofu, watoto wakilala na kuamka na neno jinai kichwani, ilikuwa ya kazi gani?

Mnaweza kusema, hayo ni ya zamani, kompyuta shuleni zilikuwa ngeni, watu hawakujua. Haya, twende mbele miaka kumi, na tuhamie jimbo la Florida. Aprili 2015, katika kaunti ya Pasco, mvulana wa miaka 14 alikamatwa kwa sababu ya picha. Alikuwa na mwalimu asiyempenda. Akaingia kwenye kompyuta aliyokuwa akiitumia mwalimu huyo, akabadilisha ile picha inayokaa kwenye skrini unapoiwasha, akaweka ya wanaume wawili wakibusiana. Lengo lilikuwa kumuudhi mwalimu. Na neno la siri alilipata wapi? Alimwona mwalimu akiliandika. Lilikuwa jina la ukoo la mwalimu.

Huyu naye hakuwa mgeni. Alikuwa amewahi kusimamishwa masomo siku tatu kwa kuingia kwenye mtandao wa shule bila ruhusa, na safari hii shule ilimpa siku kumi. Wanafunzi wengine walikuwa na mchezo huo huo, wakitumia neno hilo hilo kuonana kwa kamera kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Lakini kwa huyu polisi waliitwa, akapelekwa kwenye kituo cha kuwashikilia watoto, kisha akarudishwa kwa mama yake akiwa na shtaka la kosa kubwa la jinai. Mkuu wa polisi wa kaunti, wanayemwita sherifu, akatokea mbele ya waandishi kulitetea. Hoja yake ilikuwa kwamba hata kama watu watasema ni utani wa ujanani, nani ajuaye mtoto huyu angeweza kufanya nini? Maana kompyuta mojawapo aliyoifungua ilikuwa na maswali ya mtihani wa jimbo ndani yake.

Nikae hapo kidogo, maana hoja hiyo si ya kipuuzi. Mtihani ukivuja, watoto wa jimbo zima wanaumia. Sisi huku tunaijua hasira ya mtihani uliovuja, na mzazi aliyelipa ada kwa kuuza vitumbua hataki kusikia habari ya utani. Lakini polisi wenyewe walikiri kwamba mtoto hakuyagusa maswali yale. Hakuyafungua, hakuyasoma. Basi alishtakiwa kwa aliyoyatenda, au kwa ambayo angeweza kuyatenda? Na mpelelezi wa kesi hiyo hiyo alinukuliwa akisema huenda hakimu angempa kijana nafasi ya kurekebishwa bila kesi kuendelea. Yaani waliompandisha ngazi ndio waliokuwa tayari wanamtafutia pa kushukia.

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Kwa nini sheria ina mdomo mpana kiasi hicho? Jibu liko hapo hapo Florida. Jimbo hilo ndilo lililokuwa la kwanza Marekani kutunga sheria ya makosa ya kompyuta, mwaka 1978. Kilichowasukuma ni kashfa ya uwanja wa mbio za mbwa, ambako wafanyakazi walitumia kompyuta kuchapisha tiketi za ushindi za uongo na kuvuna fedha. Miaka michache baadaye, 1983, ikatoka filamu iitwayo WarGames, juu ya kijana anayekaribia kuanzisha vita vya nyuklia kwa kompyuta ya chumbani kwake. Rais Ronald Reagan aliitazama, akawauliza majenerali wake kama jambo hilo linawezekana. Wakarudi na jibu kwamba hali ni mbaya kuliko anavyodhani. Bunge nalo likaingia kazini, na mwaka 1986 ikapatikana sheria kali ya nchi nzima. Kwenye filamu hiyo, nitaje kwa kupita tu, kijana anaanza uhalifu wake kwa kujiongezea alama za shule, na neno la siri analiona limeandikwa kwenye karatasi ofisini shuleni. Kwa hiyo habari hii ya shule kuanika maneno ya siri ina umri mkubwa.

Mnaona ilivyokwenda? Sheria ziliandikwa na watu waliokuwa wakiwaza matapeli na makombora. Na walipoziandika, walilenga kitendo cha kuingia. Umeingia kwenye kompyuta bila idhini? Basi kosa limetimia. Umeingia kuiba, umeingia kucheka, sheria haijali sana. Mtoto anayeingia jikoni kwa jirani kuonja mchuzi na jambazi anayevunja dirisha kubeba televisheni, wote wameingia bila kukaribishwa. Mjumbe wa nyumba kumi anajua tofauti yao bila kusomea chochote. Sheria hizi za kompyuta, kwa jinsi zilivyoandikwa, hazijui. Zinapima mlango, hazipimi madhara. Nilishike hilo na nitalirudia, kwa sababu ndilo linalowaponza watoto.

Mtu ataniuliza, je, hakuna vijana wanaofanya madhara ya kweli? Wapo, tena wa kutisha. Mwaka 2025 kijana wa Massachusetts, aliyekuwa na miaka 19 aliposhtakiwa, alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Alijipenyeza kwenye mitambo ya kampuni inayotunza kumbukumbu za shule, zikachukuliwa taarifa za mamilioni ya wanafunzi na walimu, kisha kampuni ikadaiwa fedha kwa mamilioni ya dola. Huyo sina la kumtetea. Watoto wa watu wasiomjua waliwekwa rehani. Lakini mweke kando ya yule wa miaka 14 na picha yake ya kumuudhi mwalimu. Kwenye karatasi za mashtaka yao wote wawili limo kosa la familia moja, kuingia bila idhini. Je, wewe msikilizaji, kama ungekuwa mzee wa baraza, ungewaketisha benchi moja?

Sasa niwape kisa kingine, na hiki ndicho kilichonifanya niandike mazungumzo haya. Turudi Pennsylvania, jimbo lile lile la Kutztown. Wilaya ya shule ya Lower Merion, nje kidogo ya Philadelphia, nayo iligawa laptopu kwa wanafunzi wa sekondari, zaidi ya 2,000. Ndani yake kulikuwa na programu ambayo shule iliweza kuiwasha kutoka mbali, ikapiga picha kwa kamera ya laptopu bila mwanafunzi kujua. Iliwekwa kwa ajili ya kusaka laptopu zilizoibwa, walisema.

Siku moja mwanafunzi aliitwa na naibu mkuu wa shule, akaulizwa juu ya tabia mbaya aliyoionesha nyumbani kwao. Nyumbani! Ushahidi ulikuwa picha iliyopigwa na laptopu ile akiwa chumbani kwake. Alidhaniwa ameshika vidonge vya dawa za kulevya. Kijana na familia yake wakasema zilikuwa pipi. Mwaka 2010 familia ikafungua kesi, na uchunguzi ukaonesha kwamba mitambo ya shule ilikuwa imekusanya picha zipatazo 56,000 kutoka laptopu za wanafunzi, za kamera na za skrini. Kuna watoto waliopigwa picha wakiwa wamelala.

Niambie, msikilizaji wangu. Baadhi ya wale watoto 13 wa Kutztown walichungulia skrini za wakubwa, wakaitwa wahalifu. Wakubwa walipochungulia vyumba vya kulala vya watoto, ilikuwaje? Shirika la upelelezi la FBI lilichunguza. Mwendesha mashtaka wa serikali kuu akatangaza kwamba hatafungua kesi ya jinai, kwa kuwa hakuona ushahidi wa nia ya uhalifu. Shule ikamaliza madai kwa kulipa dola 610,000, sehemu kubwa ikaenda kwa mawakili. Hakuna aliyepigwa pingu.

Nyani haoni kundule. Na sisemi kwamba watumishi wale wangefungwa, la hasha. Huenda mwendesha mashtaka alipima sawasawa: aliangalia nia, akaona uzembe, akaona fedha na aibu zinatosha. Ninachouliza ni kwa nini mizani hiyo ya nia iliwekwa mezani kwa ajili ya watu wazima wenye mishahara na mawakili, na ilipofika zamu ya mtoto mwenye laptopu ya shule haikuonekana. Kama kuna mtu anayestahili kuulizwa kwanza, ulikusudia nini, si ni yule ambaye bado anakua?

Wapo waliojaribu njia nyingine. Kule Uholanzi, polisi na ofisi ya waendesha mashtaka wana mpango uitwao Hack_Right, kwa vijana wanaokamatwa kwa mara ya kwanza kwa makosa ya kompyuta. Kijana anawekwa pamoja na watu wanaofanya kazi ya kulinda mitambo, anafundishwa mpaka wa sheria uko wapi, anaelezwa hasara aliyoileta, na anaoneshwa kwamba ule ujanja wake una mnunuzi halali. Uingereza nayo, shirika lake la kupambana na uhalifu mkubwa, NCA, lina mpango wa kuwafuata vijana wa namna hiyo kabla hawajazama. Hayo hayafanywi kwa huruma tupu. Nchi hizo zina uhaba wa walinzi wa mitambo, na zimegundua kwamba mtoto aliyeona mwanya kabla ya fundi ni mtu wa kumkalisha karibu.

Haya, tumetembea sana, turudi nyumbani. Haya yanatuhusu? Yanatuhusu, kwa kuwa sheria zetu ni za ukoo huo huo. Tanzania tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ndani yake, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa, na adhabu inaanzia faini ya shilingi milioni tatu au kifungo cha mwaka mmoja. Kuanzia hapo, kwenda juu. Majirani zetu wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2018, nako kuingia tu bila idhini kunaweza kumgharimu mtu hadi shilingi milioni tano za huko au miaka mitatu jela. Mlango tena, msikilizaji. Madhara yanakuja baadaye, kwenye vifungu vingine.

Bahati njema, huku kwetu mtoto ana ngao ambayo mtoto wa Marekani hana. Nchi zetu ziliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, ambao unasema kumkamata na kumfunga mtoto liwe jambo la mwisho kabisa, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Marekani ilitia saini, kuridhia mpaka leo haijaridhia. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha jela. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, au kumpeleka shule ya maadilisho kama ile ya Irambo, Mbeya. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya 2022, imepandisha umri wa kuanza kushtakiwa hadi miaka 12, na imeweka utaratibu wa kumtoa mtoto kwenye mkondo wa kesi mapema.

Lakini ngao hiyo inafanya kazi zaidi pale mwishoni, mbele ya hakimu. Kabla ya hakimu kuna karandinga. Kuna kituo cha polisi, kuna mama anayeuliza kaunta ni wapi anaweza kumpelekea mwanawe chai. Kuna mtihani wa kidato cha nne ambao haumsubiri mtu. Hayo yote yanaweza kumpata mtoto kabla sheria nzuri haijafunguliwa ukurasa wake. Na anayeamua kama yatampata au la ni mkuu wa shule, asubuhi ile anapoinua simu.

Kompyuta zinaingia shuleni kwetu. Chumba kinapakwa rangi, kinawekwa nondo madirishani na kufuli kubwa mlangoni, mgeni rasmi anakata utepe. Neno la siri linachaguliwa siku hiyo hiyo kwa haraka, na nisingeshangaa kama ni jina la shule likifuatiwa na moja, mbili, tatu. Watoto wamesimama nyuma ya mwalimu, wanaangalia vidole.

Kwa hiyo mzazi, kikao cha shule kikiitishwa muhula huu, ukimaliza kuuliza habari za michango ya chakula, uliza na hili. Muulize mkuu wa shule: mtoto akikutwa ameingia kwenye kompyuta ya ofisi, ni lipi litabaki kwa mwalimu wa nidhamu, ni lipi litapelekwa kwenye bodi, na ni lipi litapelekwa polisi? Limeandikwa mahali? Nani analitunza neno la siri, na hubadilishwa lini? Yaingizwe kwenye muhtasari wa kikao, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, watoto waisome kabla chumba hakijafunguliwa.

Muda wangu umekwisha, mtangazaji mwenzangu ananionesha saa. Wiki ijayo, nafasi kama hii, tutazungumzia simu za mkononi mabwenini, na najua walimu wa mabweni mna mengi ya kusema.